Bi Sikudhani na Lango la Darajani

Paukwa!

Pakawa!

Moto unawaka?

Unawaka!

Masikio yako wapi?

Yako kwako!

Basi sogeeni.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama na watu waliuziana sokoni na kusengenyana kama majirani, palikuwa na nchi iitwayo Mabonde. Kila baada ya mavuno saba wenyeji walichagua Mkuu. Mkuu wa wakati huo alikuwa Nyati, na mavuno yake ya saba yalikwishaingia. Alitaka apewe mengine saba. Mbweha naye akajitokeza kumpinga.

Kasuku ndiye aliyekuwa mpiga debe wa Nyati. Aliruka mtaa hadi mtaa akiimba, "Enzi za Nyati, matumbo yamejaa! Enzi za Nyati, matumbo yamejaa! Enzi za Nyati, matumbo yamejaa!"

Pale sokoni, karibu na mto, palikuwa na mwanamke muuza uji, Bi Sikudhani. Mwanamke huyo alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo, na uji wake haukuwa na madonge. Asubuhi moja Kasuku akatua kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, Kasuku. Nikutilie?"

"Sijaja kunywa. Mkuu anakutaka jukwaani Ijumaa. Utasimama useme kwamba chini yake mambo ni mazuri. Watu wanakuamini wewe kuliko mimi."

"Hilo umesema kweli," akajibu, na wateja wakacheka.

Alikubali papo hapo. Kwa nini akatae? Zamani mto ule haukuwa na daraja. Dada yake, Mwanaheri, alichukuliwa na maji akivuka na mzigo wa mtama kichwani, na hata mwili haukuonekana. Mwaka uliofuata Nyati aliingia madarakani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga daraja. Tangu siku hiyo Bi Sikudhani hakukoroga uji wa asubuhi bila kumwombea Nyati dua.

Basi akaanza kujiandalia maneno. Akaona ni vizuri apate na mashahidi.

Akaja Punda, mchukuzi wa mizigo, pamoja na Kanga, mnunuzi wa mtama. Wakaagiza bakuli moja.

"Moja? Nyinyi wawili?"

"Tunagawana," akasema Punda, akitazama pembeni.

"Kaka Punda, hebu niambie. Enzi za Nyati, tumbo limejaa?"

Punda akafikiri. "Kazi ipo, sikatai. Zamani nilikaa siku nne nikingoja mto upungue. Sasa navuka mara tatu kwa siku. Lakini pale kwenye lango la daraja Ngiri anatoza kikapu kimoja katika kila vitatu, na wenye mizigo wanafidia hasara hiyo kwa kukata ujira wangu."

"Nawe Kanga? Enzi za Nyati, tumbo limejaa?"

"Shoga yangu, mtama umejaa sokoni. Kwa macho nashiba. Nikiuliza bei, njaa inarudi. Kila muuzaji anataka kurudisha kile kikapu cha Ngiri kwangu mimi."

Akapita Fundi Vuai, mhunzi wa majembe, mkono mtupu.

"Fundi! Enzi za Nyati, tumbo limejaa?"

"Chuma napata kwa urahisi, mama. Mtu wa kununua jembe ndiye simpati."

Bi Sikudhani akauweka upawa chini. Akachungulia chungu chake. Kwa miezi mingi alikuwa akirudi nyumbani jioni na nusu ya uji, na kila siku akijiambia, joto hili limewapunguzia watu hamu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakujiambia hivyo. Na huyo Ngiri wa langoni, kila mtu alijua, alikuwa shemeji yake Nyati.

Ijumaa ikafika. Uwanja ukafurika. Mbweha akatangulia kusema.

"Nyati hajafanya lolote! Hajafanya lolote! Hajafanya lolote!"

"Muongo wewe!" Bi Sikudhani akapaza sauti kutoka chini ya jukwaa. "Kwenu ni ng'ambo. Leo umefikaje hapa? Umeogelea?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mbweha akatazama manyoya yake makavu, akashuka. Kasuku kwa furaha akapiga mbawa. "Panda, Bi Sikudhani! Panda uwaambie!"

Akapanda.

"Daraja ni la Nyati," akasema. "Asiyelishukuru hana shukrani. Lakini lango lililowekwa juu yake nalo ni la Nyati, na Ngiri aliyewekwa langoni ni wa Nyati. Kinacholetwa na daraja kinaliwa na lango. Wateja wangu wawili wanakunywa bakuli moja."

Nyati, aliyekaa hapo jukwaani, akapiga kwato chini mara tatu. "Nani amekutuma?"

"Wateja wangu."

"Nilikujengea daraja!"

"Ulijenga, Mkuu, nami nitakushukuru mpaka nife. Lakini leo hukuniita nishukuru. Umeniita niseme kama matumbo yamejaa. Hayajajaa."

Nyati akashuka, akaondoka bila kuaga.

Jioni Kasuku akaja kibandani. "Omba radhi, au kibanda hiki kitaondolewa."

"Mwambie aje akiondoe mwenyewe."

Asubuhi Nyati akaja, kweli, peke yake. Wateja wakasimama. Bi Sikudhani akafuta kigoda kwa upindo wa nguo yake.

"Shikamoo, Mkuu. Kaa unywe kwanza."

Nyati akakaa. Akamwona Punda na Kanga wakisukumiana bakuli, huyu akipiga funda moja na yule funda moja. Akawaona wengine wakinusa tu na kupita. Hakuna aliyemlalamikia, na hilo ndilo lililomuuma. Akakaa mpaka jua likawa kali.

"Ngiri ni ndugu wa mke wangu," akasema polepole.

"Najua, Mkuu. Mimi pia nilikuwa na ndugu."

Nyati akamtazama, kisha akainama. Alipoinuka hakugusa kibanda. Akaenda moja kwa moja mpaka darajani, akalipiga lango pembe. Pa! Pa! Pa! Mbao zikaelea mtoni, na Ngiri akatimua mbio, mkia wima.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchagua. Kila mwenyeji alishika kokoto moja, ya kutia mtungi mwekundu wa Nyati au mweusi wa Mbweha.

"Sasa utanichagua?" Nyati akamuuliza Bi Sikudhani.

"Lango limevunjwa jana, Mkuu, na limesimama miaka mingi. Niache nifikiri."

Akatia mkono katika mitungi yote miwili, kama ilivyo desturi, asionekane alipoiacha kokoto yake. Mitungi ilipomwagwa, Nyati alikuwa ameshinda kwa kokoto chache mno. Hakucheza ngoma, na Kasuku alikatazwa kuimba.

Katika baraza la kwanza watu wakakubaliana: kila msafara utoe kibaba kimoja tu cha nafaka, cha kutengenezea mbao za daraja. Wakamchagua Kanga akusanye.

Mavuno yakaingia. Siku moja likaja kundi la wachukuzi, Nyati mwenyewe mbele. "Pisheni! Mzigo wa Mkuu!" wakapiga kelele.

Kanga akasimama katikati ya daraja, mdogo kama ngumi mbele ya pembe zile.

"Kibaba kimoja," akasema.

Bi Sikudhani akaacha upawa hewani.

Nyati akamtazama Kanga. Akawatazama watu. Akashusha kikapu, akajaza kibaba mwenyewe mpaka kikafurika.

"Hiki hapa."

"Pita," akasema Kanga.

Akapita. Bi Sikudhani akateremsha upawa, akaendelea kugawa, maana foleni ilikuwa ndefu.

Nami hadithi yangu naitua hapo. Palipopendeza pachukueni, palipochusha niachieni mimi.