Ukuta Uliolia Tukuyu

Ukuta ukilia, fungua dirisha. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, mkauliza tangu lini ukuta ukalia. Basi sogeeni, wajukuu zangu, niwape chanzo chake.

Huku kwetu Tukuyu mvua ikianza hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Atupele na mumewe walikuwa wamehamia nyumba waliyoijenga wenyewe, wakampata Lusajo, mtoto wao wa kwanza. Mama mkwe akapanda kutoka Kyela kumtunza mzazi. Kyela ni joto. Baridi yetu ilimtisha. Akaziba dirisha kwa blanketi, akaanika nepi mbichi juu ya kamba chumbani, na sufuria ya maji ya kuogea ikachemka humohumo kutwa, haina mfuniko.

Ukuta ukaanza kutiririka maji, kisha ukatoa madoa meusi ya ukungu. Wakafuta, wakapaka chokaa. Ukungu ukarudi, na Lusajo akaanza kukohoa.

"Mwezi ukiandama mnashuka nami Kyela," mama mkwe akasema. "Nyumba hii muiachie ukungu wake."

Atupele hakutaka kuiacha nyumba yake. Asubuhi moja akaingia stoo kuchukua ndizi. Dirisha la stoo lilikuwa wavu mtupu. Akaugusa ukuta: mkavu. Akamwita mama mkwe.

"Mama, mvua ni ileile, tofali ni zilezile. Mbona huu haulii?"

"Stoo haina mtoto wa kukingwa baridi."

"Wala haina sufuria, mama. Mvuke wetu utapita wapi, na njia tumeiziba?"

Mama mkwe akaupapasa ukuta, akaupapasa tena. "Kumbe tunajichemshia ukungu wenyewe," akasema. "Haya, fungua. Lakini mjukuu wangu akipiga chafya, nitakuuliza wewe."

Sufuria ikahamia jikoni, nepi barazani, kitanda kikasogezwa mbali na ukuta. Lusajo akapelekwa kwa jirani, wao wakausugua ukungu kwa sabuni. Tangu hapo, kila mvua ilipopumzika, mtoto alifunikwa vizuri mgongoni, dirisha na mlango vikafunguliwa, upepo ukapita.

Ukuta ukanyamaza. Kikohozi nacho kikaisha.

Mwezi ulipoandama, mama mkwe alifunga mzigo wake tu, Atupele na mwanawe wakabaki. Njiani kuelekea stendi akaona nyumba iliyozibwa dirisha kwa gunia, mwenyewe yuko nje anakoroga chokaa, brashi mkononi. Akatua mzigo.

"Weka brashi chini, mwanangu," akamwambia. "Ukuta ukilia, fungua dirisha."