Waliosikia Sauti ya Masalu

Hapo zamani za juzijuzi, programu za simu zilipokuwa zimeanza kugawa abiria jijini Mwanza, madereva wanne wa bajaji walikuwa na kundi lao la WhatsApp. Kampuni iliyowapa kazi haikuwa na ofisi waliyoijua. Ukikosea, simu inakufungia, na huna wa kumuuliza. Basi wakawa wanaulizana wao kwa wao.

Mchana mmoja wa mvua kubwa, mmoja wao, Masalu, alimpakia Ng'wasi, mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Alimchukua barabarani, nje ya programu, jambo ambalo kampuni ililikataza. Walipofika Kishiri bajaji ikazima. Masalu akatuma sauti kwenye kundi: "Jamani, nina mama anataka kujifungua, nimemwokota njiani. Bajaji imezima hapa Kishiri. Aliye karibu aje."

Magesa akasikia. Alikuwa na abiria, na kampuni ilishamwonya kwa kukatisha safari. Akaendelea na safari yake.

Nyanjige, mwanamke pekee kundini, akasikia. Bajaji yake ilikuwa tupu. Akawaza, "Magesa yuko karibu zaidi, ataenda." Akapokea safari iliyoingia.

Bwire, kiongozi wa kundi, akasikia. Aliamini kampuni ina mtu wake humo kundini, anayeipelekea maneno. Akaifuta ile sauti, akajiambia atampigia Masalu akishamshusha abiria wake. Hakupiga.

Na Masalu mwenyewe? Kwenye programu kulikuwa na kitufe cha dharura. Alikitazama. Akikibonyeza, kampuni itajua amebeba mtu wa pembeni. Akakiacha, akasimama mvuani kupungia magari.

Lori la mchanga ndilo lililosimama, wakati umeshapita. Hospitali ilimwokoa mama. Mtoto hawakuweza kumwokoa.

Kesho yake wanne hao walikutana kwenye lango la hospitali.

"Mlisikia," Masalu akasema.

"Nilisikia," akajibu Magesa. "Ningemshusha abiria, leo nisingekuwa na kazi. Na wewe unajua nyumbani kwangu anayeleta chakula ni mimi peke yangu."

"Nilidhani Magesa ameenda," akasema Nyanjige. "Sikuuliza. Ningeuliza tu."

"Mimi niliifuta kwa ajili yako," akasema Bwire. "Ulisema mwenyewe umemwokota njiani, Masalu. Na kile kitufe, ulikibonyeza?"

Masalu akageuka, akatangulia kuingia wodini. Wakamfuata.

Ng'wasi alikuwa amelala ubavu, mikono ameikunja kifuani. Mama yake alikaa pembeni. Walipomsalimia, Ng'wasi alijiinua kidogo.

"Mama, hawa ndio wenzake Masalu," akasema. "Wapishe wakae."

Bibi yule akainuka, akawapa kiti chake na ndoo iliyogeuzwa. Hakuna aliyekaa.

"Asanteni kwa kuja," Ng'wasi akasema. "Masalu ameniambia mvua ilikata mtandao, sauti haikuwafikia. Msijilaumu, kaka zangu, na wewe dada. Najua mngesikia, mngekuja."

Magesa akatazama sakafu. Nyanjige akatazama sakafu. Bwire akatazama sakafu. Masalu, aliyetunga uongo ule, alitazama dirishani. Bibi akawashika mikono mmoja mmoja, akiwashukuru.

Ng'wasi bado alikuwa anawatazama.

Haya, ninyi mlionisikiliza tangu mwanzo: kati ya wanne hao, nani alistahili kuwa wa kwanza kufungua kinywa na kumwambia ukweli?