Gundi ya "Yaishe"

Leo sina habari ya kondoo wala ya shamba la mizabibu. Nina habari ya gundi. Msicheke, mtaihitaji kabla hamjafika nyumbani. Naona na mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Nderingo, amekaa tena benchi la mwisho karibu na mlango. Kaa hapo hapo, Mwalimu, nitakufikia.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa na chumba cha michezo. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya zamani, sanduku kubwa lenye miguu, na ndani yake ubao uliolala mshazari. Gololi ya chuma inabingirika juu ya ubao, na mchezaji anaipiga isidondoke. Sasa ubao ule umetobolewa matundu, na kila tundu limezibwa kwa kipande cha plastiki cha rangi. Taa ikiwaka chini yake kinang'aa, chekundu, kijani, manjano. Uzuri wote wa mashine uko hapo. Basi vile vipande vikalegea. Kimoja kikizama hata unene wa ukucha tu, gololi inaruka na kupotea njia, na mchezaji anaondoka akisema mashine inamwibia.

Watu wakaacha kuja. Mama akaona chumba alichoachiwa na mumewe kinakufa mikononi mwake, akaita fundi. Fundi akafika na mkoba wake, akamkuta mama anafoka.

"Nakwambia wazi, baba, kuna tapeli marehemu alimwita kuitengeneza hii. Sikuwahi kumwona kwa macho yangu, lakini tazama alivyobandika! Nimemtangaza mtaa mzima."

Fundi akainama, akachungulia kwa muda. "Hii ni supaglu, mama."

"Basi tia hiyo hiyo, si inashika upesi? Jumamosi nataka kufungua mlango."

"Inashika leo. Ila ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, gololi ikigonga mara nyingi inapasuka. Na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki."

"Na hiyo nyeupe hapo mkobani?"

"Ya maseremala. Mbao inazipenda, plastiki haitaki kuijua. Nitatumia hii ya mirija miwili, naichanganya, halafu tunaiacha mpaka kesho. Lakini kwanza nitoe kila kipande, nikwangue gundi ya zamani yote."

"Yote?"

"Yote, mama. Gundi mpya haishiki juu ya uchafu."

Nampenda sana fundi huyu, sifichi. Aliazima mashine ya mama ya kukaushia nywele, akapasha kipande kimoja kimoja moto mpaka kikaachia. Akakwangua kwa kisu, akasugua kingo kwa msasa, akafuta vumbi. Akapaka gundi, akarudisha kila kipande mahali pake, akagandamiza kwa ubao bapa na kopo la rangi lililojaa. Kesho yake akapitisha kidole juu yake huku amefumba macho, na kidole hakikukwama popote. Mama akawasha taa. Akashika mdomo. Ndivyo ilivyokuwa siku mumewe alipoileta nyumbani.

"Wewe ndiye fundi!" akasema. "Si yule tapeli!"

Ndugu zangu, ingekuwa wewe? Jina lako limesafishwa mbele yako, na aliyekuwa anakujua amekwisha kuzikwa. Si ungesema tu asante mama, ukabeba mkoba wako?

Fundi akaweka kisu chini. "Mama, tapeli yule ni mimi."

Mama akamtazama.

"Nilikuwa na haraka. Mzee aliniambia nikwangue kwanza, nikamwona anajifanya anajua sana. Nikadondosha supaglu juu juu, nikaondoka. Nilipoona ubao huu jana niliitambua kazi yangu, nikaona aibu kukwambia."

Fundi akaanza kukusanya vitu vyake. Mama akasema, "Mtaa mzima nimeshauambia. Sasa nizunguke tena nyumba kwa nyumba?" Akacheka, na machozi yakamtoka. "Kaa kwanza unywe chai. Na Jumamosi gololi ya kwanza utaipiga wewe."

Sasa tuje kwetu. Sisi gundi yetu ni ipi? Mume amemkosea mke, ndugu kwa ndugu hawaongei, na tunafanyaje? Tunashikana mkono hapo nje baada ya ibada na kusema, "Yaishe." Mwenzetu anajibu, "Yameisha." Imeshika! Upesi kweli! Na hakuna aliyekwangua kitu. Wiki ya pili neno dogo linapita juu, kipande kinazama, na tunashangaa, mbona tulikuwa tumepatana. Tulipatana lini? Kukwangua ni maneno mawili tu, "ni mimi," na hayo ndiyo tunayoyakimbia. Nasema tunayakimbia, maana hata mimi ni mkimbiaji hodari.

Mnakumbuka sikukuu ya mavuno, spika zetu zilivyonyeshewa nje kwa kuwa stoo ilikuwa imefungwa? Nilisema mbele ya wazee wa kanisa kwamba Mwalimu Nderingo amepoteza ufunguo. Jumapili iliyofuata nikamshika mkono pale mlangoni, nikamwambia, "Yaishe, Mwalimu." Akanijibu, "Yameisha, Mchungaji." Tangu siku hiyo hajakaa na kwaya.

Wazee wa kanisa, sikieni na ninyi, maana mbele yenu ndipo niliposema. Ule ufunguo niliukuta Jumatatu baada ya sikukuu, kwenye mfuko wa joho hili hili nililovaa.

Mwalimu, ni mimi. Hapana, usisimame. Kaa hapo hapo, leo natembea mimi.