Ukuta wa Mama Lusungu

Bei ya ukuta iko barabarani. Leo mmeisikia kwa fundi cherehani, mkacheka, na mmoja wenu akauliza tangu lini ukuta ukapelekwa mnadani. Methali hii huambiwa mtu anayejidharau, na huambiwa pia mtu anayejivuna. Mnajiuliza neno moja linawezaje kuwafaa wote wawili. Basi sogeeni, niwape asili yake.

Palikuwa na mama mmoja Makambako, jina lake Mama Lusungu. Mumewe, Mzee Onesmo, alimjengea nyumba kando ya barabara kuu, pale mabasi ya mikoani yanaposimama abiria wanyooshe miguu. Watu wa pale wote walielekeza milango yao barabarani, wapate kuona na kuonekana. Onesmo yeye alielekeza mlango na madirisha bondeni, na upande wa barabara akainua ukuta mtupu, mpana, usio na hata tundu la hewa. Majirani walimcheka, wakasema mzee kaipa dunia kisogo. Sababu alikuwa nayo, ila hakuisema: mkewe alikuwa na pumu, na vumbi la magari lilimkaba usiku kucha. Ugonjwa wa mke si habari ya kijiweni, kwa hiyo aliacha wacheke.

Onesmo alipofariki alimwachia mkewe nyumba yenye paa lililochoka. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, na mvua ikinyesha Mama Lusungu alihama na kitanda chake kutoka pembe hii hadi ile. Shemeji yake, Fidelis, hakumung'unya maneno. Alisema nyumba iuzwe kabla ya mvua za kwanza, na mjane akakae kwa binti yake Iringa.

"Na hata mnunuzi tutampata kwa taabu, shemeji," alisema. "Nani anataka nyumba iliyokaa kinyumenyume?"

Mama Lusungu alitaka kuzeekea katika nyumba ile, na hilo tu ndilo alilokuwa nalo. Mapenzi hayaezeki nyumba.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, akabisha hodi mtu mmoja nadhifu, Bwana Kajiru, afisa masoko wa kampuni moja ya sabuni. Alikuwa akizunguka mikoani kutafuta kuta za kuandikia matangazo. Akasema anauomba ule ukuta wa barabarani, wakubaliane bei.

Sasa sikilizeni kosa la Mama Lusungu, na msimcheke, kwa maana wengi wetu tungelifanya vilevile. Mgeni ameingia ndani, amekalishwa kwenye kiti kizuri, amewekewa chai na viazi vya kuchemsha. Katika malezi yetu mtu hasifii kitu chake mbele ya mgeni. Ukisifiwa mtoto, unasema mtundu huyo. Ukisifiwa mboga, unasema leo chumvi imezidi. Mama Lusungu akaufanyia ukuta wake adabu hiyohiyo.

"Aa, ukuta gani huo, baba," alisema. "Una ufa kule pembeni, halafu jua limeubabua. Watu wanaucheka."

Bwana Kajiru hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ametumwa kununua, na mnunuzi akisikia mwenye mali anaitia kasoro hawezi kumbishia. Alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema kwa kuwa ukuta una ufa, kampuni itajitahidi hivi: itapaka rangi nyumba nzima bila malipo, na kila Krismasi italeta katoni mbili za sabuni. Mama Lusungu alipokea maneno hayo kwa mikono miwili na shukrani tele. Kilichomzuia kutia sahihi ni desturi tu, kwamba jambo la nyumba mjane hulilalia kwanza. Wakaagana waonane tena kesho, naye akamsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, kama ipasavyo.

Ng'ambo ya barabara, akitazamana na ukuta ule, alikaa Yustina, muuza mahindi ya kuchoma. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kipepeo cha kupepea makaa kisichopumzika. Bwana Kajiru alipoondoka, Yustina aliuliza yule bwana alitaka nini, akaambiwa yote, pamoja na katoni mbili za sabuni.

"Mama Lusungu," alisema, "umewahi kuuona ukuta wako?"

"Yustina nawe. Si ninaishi nao?"

"Unaishi nyuma yake. Hebu vuka, ukae hapa."

Akavuka, akapewa kigoda. Punde basi likasimama, abiria wakashuka kuagiza mahindi. Na mahindi, mnayajua, hayaivi kwa kuamrishwa. Walisimama kungoja, na macho yao hayakuwa na pengine pa kwenda. Mbele yao ukuta, kushoto ukuta, kulia ukuta. Mmoja aliutazama ufa, akasema unafanana na mto. Watoto wawili walibishana mijusi iko mingapi. Hata waliobaki kwenye viti, vichwa vyao viliegemea vioo vikielekea kulekule. Basi liliondoka, likaja jingine, mambo yakawa yaleyale.

Mama Lusungu alikaa pale mpaka chai yake nyumbani ikapoa. Miaka yote alikuwa akiuonea haya ukuta ule, kumbe hajawahi kuutazama. Alimkumbuka Onesmo, jinsi alivyovumilia kuchekwa ili yeye apate kupumua, na machozi yakamtoka, lakini yalikuwa machozi ya kushukuru.

"Kizuri chajiuza, mwenzangu," alisema Yustina akigeuza hindi. "Wewe ulikuwa unafukuza wateja."

Kesho yake Bwana Kajiru alipofika, hakukaribishwa ndani. Alikuta kiti kimewekwa ng'ambo ya barabara, kando ya jiko la Yustina.

"Leo tutaongelea hapa, baba," alisema Mama Lusungu. Kisha akataja bei yake: paa jipya la nyumba nzima, mabati na fundi, na kodi ya ukuta kila mwaka tangazo likiwapo.

Bwana Kajiru alicheka. "Mama, jana ukuta huu ulikuwa na ufa."

"Hata leo unao. Ila jana wewe ulikuwa mgeni wangu. Leo wewe ni mnunuzi."

Wakaanza kuvutana. Bwana Kajiru alipandisha ahadi yake hadi nusu ya paa, akasema kampuni haina zaidi. Mama Lusungu akamjibu kwamba mvua hainyeshi nusu ya nyumba. Yeye akasema ziko kuta nyingine mjini. Mama akamwomba aangalie basi lililokuwa limetua muda huo, ahesabu macho mwenyewe. Bwana Kajiru aliangalia kwa kitambo kirefu. Akavuta pumzi.

"Sawa, mama. Paa zima, na kodi ya mwaka. Lakini kwa sharti moja. Hili jiko la mahindi lihame. Moshi wake utaziba tangazo letu."

Kipepeo cha Yustina kilisimama. Paa alilolililia Mama Lusungu lilikuwa limeshuka mkononi mwake, na aliyemwonyesha njia ya kulipata ndiye aliyetakiwa kuondoka.

"Kubali, mama," alisema Yustina polepole. "Mimi nitatafuta pengine. Mvua haikungoji."

Moyo wa Mama Lusungu ulimuuma kuisikia sauti ile. Aliwatazama abiria wenye mahindi yao, akamgeukia mgeni.

"Nikuulize, baba. Basi hili limesimamia nini hapa?"

"Abiria wanapumzika."

"Mahali pa kupumzika ni pengi. Wanasimamia mahindi ya huyu. Ukimwondoa, dereva atapita moja kwa moja, na tangazo lako litasomwa na mijusi. Mwondoe, halafu uuchukue ukuta wangu bure, maana hautakuwa na bei tena."

Bwana Kajiru aliufuata moshi kwa macho. Ulipanda kidogo, upepo ukaupeleka bondeni. Alilitazama hindi alilokuwa nalo mwenyewe mkononi, limebaki nusu, akacheka safari hii kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki. Alisema jiko libaki, na akaandika kabisa katika mkataba kwamba halitahamishwa.

Paa likaezekwa. Mvua ya kwanza ilipokuja, Mama Lusungu hakusogeza kitanda. Alizunguka hadi barabarani, akamwita Yustina aje kibarazani na jiko lake, wakakaa chini ya mabati mapya wakichoma mahindi na kusikiliza maji yanavyopita juu yao bila kuwagusa.

Hapo akaingia Fidelis, amelowa, macho juu kwenye paa. Habari za tangazo zilikuwa zimemfikia.

"Shemeji, kumbe tulikuwa na mali," alisema kwa majivuno, kana kwamba ukuta aliujenga yeye. "Ukuta kama huu hauna mfano Makambako nzima. Ulijuaje bei yake?"

Mama Lusungu alichagua hindi lililoiva vizuri kuliko yote. Hakumpa shemeji. Alimpa Yustina, kwa mikono miwili, na kumpigia goti kidogo, yeye mtu mzima kwa muuza mahindi.

"Sikuijua, shemeji," alisema. "Mimi niliudharau, wewe unaujivunia, na wote wawili tumekosea. Mshukuru huyu. Bei ya ukuta iko barabarani."