Koo Pana Si Pumzi Ndefu

Koo pana si pumzi ndefu. Mmeisikia methali hii gereji leo, mkacheka, mkauliza ni koo la nani. Basi tulieni niwaeleze ilikoanzia, maana chanzo chake hakichekeshi.

Pale Voi aliishi fundi Mwakio na dada yake Wakesho, dereva wa mashindano. Gari lao dogo la mbio liliundwa upya na baba yao, Mzee Mnjala, kabla maradhi hayajamlaza. Mzee alibakiwa na haja moja tu duniani: kuliona likishinda kabla hajafumba macho.

Ndani ya kabureta mna mahali hewa inapobanwa ili ipite kwa kasi na kuvuta petroli. Mafundi wa pale walipaita koo. Mwakio aliliona koo alilofunga baba yake dogo mno. Hewa nyingi, aliwaza, ndiyo nguvu nyingi.

"Usilipanue, mwanangu," mzee alimwambia kutoka kitandani. "Ukipuliza moto kwa mdomo uliopanuka, hata jivu halitikisiki."

"Hayo yalikuwa ya zamani, Baba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mwakio alifunga koo pana, akalijaribu gari kwenye barabara kuu, ile iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Likaruka! Wakesho alishuka akicheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba uwanja wa mashindano umejaa kona.

Siku yenyewe ilipofika, mzee alibebwa juu ya kiti chake hadi ukingoni mwa uwanja. Gari lilitangulia kwenye njia iliyonyooka, naye akainua mkono kwa furaha. Kisha ikaja kona. Wakesho akapunguza mwendo, akakanyaga mafuta tena, na injini ikakohoa. Hewa ilikuwa ikijikokota kwenye lile koo, petroli haivutwi. Wenzake wakampita. Kona iliyofuata, mambo yakawa yaleyale. Kila kikohozi kilimkata Mwakio maini.

"Nirudisheni nyumbani," mzee akasema.

"Bado hawajamaliza, Baba. Subiri kidogo," Mwakio akamsihi.

"Nimesikia, mwanangu. Masikio yangu hayajaugua."

Hakumlaumu. Afadhali angemtukana! Mzee alizikwa kabla ya mashindano mengine.

Matanga yalipokwisha, Mwakio alirudisha koo la zamani. Gari likatoka kila kona bila kusita, Wakesho akashinda, uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Mwakio alikuwa ameketi chini, pale kiti cha baba yake kilipokuwa siku ile, akilia kama mtoto. Ushindi huo ampelekee nani?

Tangu hapo, kila fundi kijana aliyemwendea akitaka kupanua, Mwakio hakubishana naye. Aliinamisha uso, akaendelea kufuta spana yake, akasema kwa sauti ya chini: koo pana si pumzi ndefu.