Kwa Nini Kuku Hupiga Zogo kwa Yai Moja

Siku hizo kuku alitaga kimya kimya. Zogo lilikuwa haki ya jogoo peke yake, na kuku jike aliyepaza sauti alionekana hana adabu. Msicheke, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Basi uani kwa Bi Mwanaidi palikuwa na kuku aliyeitwa Kishingo, mpole kupita kiasi, na upole huo nusura umponze. Kila asubuhi alitaga nyuma ya kinu, akashuka taratibu, akaenda zake kuchakura. Akirudi, yai hakuna. Kenge aliyejificha kwenye rundo la kuni alikuwa amekwisha kulimeza. Kishingo, masikini, alilia moyoni tu, kwa kuogopa kusemwa.

Bi Mwanaidi hakujua habari za kenge. Yeye aliona pumba zinaliwa na yai halionekani.

"Huyu tasa," alimwambia dada yake. "Kesho wageni wakija, namtia chunguni."

Kishingo aliyasikia hayo. Akamwendea jogoo.

"Bwana mkubwa, kesho nikitaga, niwikie watu waje waone."

"Mimi nawikia alfajiri, siwikii mayai," jogoo alijibu, akijikung'uta mabawa. "Nawe tulia, usituaibishe."

Asubuhi Bi Mwanaidi akaanza kunoa kisu. Kishingo akaingia nyuma ya kinu, akataga. Kugeuka, kenge huyo anatoa kichwa kwenye kuni! Hapo adabu zikamshinda. Akapiga kelele ambazo ua ule haukuwahi kuzisikia: ko-ko-ko-kooo! Ko-ko-ko-kooo! Kuku wenzake wakaziba nyuso kwa mabawa.

Bi Mwanaidi akatoka mbio, kisu mkononi. Alimkuta kenge ameshapanua kinywa, akatupa kisu chini na kumtwanga kwa mchi. Kisha akaliokota yai, lingali na joto, akamgeukia Kishingo.

"Kumbe ulikuwa unaibiwa, mwenzangu," alisema, "nami nilitaka kukuchinja." Siku hiyo wageni walikula kunde.

Na tangu siku hiyo, kuku akitaga hupiga zogo mpaka mtaa wa pili wajue, na jogoo, kwa kuona haya ya kumkatalia siku ile, humwitikia. Watu huuliza, makelele yote haya ya yai moja? Nyie msimtupie jiwe. Hajisifu yule. Anaomba asichinjwe.