Joka la Miguu Mitatu

Bwana Twalib alikuwa tajiri wa Lamu aliyekusanya hariri za India na sahani za Uchina, na chombo alichokitamani ndicho alichokiponda kwa maneno. Siku moja alisimama sebuleni kwa Bi Mwanaheri, mshona kofia, akaikodolea macho sahani ya joka la buluu iliyokaa kwenye kidaka cha ukutani.

"Takataka," akasema. "Joka gani hili la miguu mitatu? Nipe kwa shilingi mia mbili, nikupunguzie vumbi."

"Mia mbili tu, Bwana?"

"Kila sahani yenye joka hili ni bandia, mama."

"Basi niandikie hivyo na utie sahihi, wanangu wasije wakasema nimepumbazwa."

Twalib akaandika mbiombio, mikono ikimwasha kuishika sahani. Bi Mwanaheri akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Siuzi," akasema. "Nasikia kesho wageni wanakuja kununua sahani yako ya joka, ile uliyoinunua kwa marehemu dada yangu kwa mia mbili. Joka lake lina miguu mingapi vile?"

Twalib akalitazama pindo lenye karatasi. "Unataka nini?"

"Sahani ya dada yangu. Mia mbili zako hizi hapa."

Kabla ya alasiri sahani mbili zilikuwa ukutani, na Twalib amerudishiwa karatasi yake, anaichana vipande vipande.

"Sasa ni pacha, Bwana," Bi Mwanaheri akasema, akimmiminia kahawa. "Ukizitaka, anza kwa kuzisifu."